Shajara ya mradi: transista za klachi ya mashine ya kamba, Pongwe, Tanga

Januari 11

Nimerudi kutoka Pongwe jioni hii. Karakana ni ya kamba za mkonge: singa zinaingia upande mmoja wa mashine, upande wa pili zinatoka kamba fupi za kufungia mizigo. Mota haizimwi kutwa. Kinachoanzisha msokoto ni klachi ya sumaku, kinachoushika ni breki ya sumaku, na zote mbili ni za volti 24. Mpaka leo zinawashwa kwa rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme). Mashine inasimama mara 15 kwa dakika, yaani mara 900 kwa saa, na kwa mwendo huo ncha za rilei zinaungua kabla mwezi haujaisha.

Mwenye karakana ni mtu mzima, haongei sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Mie sitaki maajabu. Nataka isimame nikitaka isimame."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Vipimo vya koili ya klachi: upinzani omu 15, kwa hiyo mkondo ni ampea 1.6. Nimepitisha mkondo kwenye rezista ya omu 0.1 na kuutazama ukipanda kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye kioo. Unafika asilimia 63 ya kimo chake ndani ya milisekunde 20. Zidisha 15 kwa 0.02, unapata henri 0.3, kipimo cha jinsi koili inavyopinga mkondo kubadilika. Nishati iliyojificha ndani ya koili ikiwa imewaka ni nusu ya 0.3, mara 1.6, mara 1.6 tena: juli 0.38. Koili ya breki inakaribiana nayo sana.

Januari 14

Saketi ya kwanza iko mezani kwangu hapa Ngamiani. Mosfeti, yaani transista inayowashwa kwa volti, ni IRF540N ya volti 100; geti, mguu wake wa kuiamuru, inapewa volti 12; na dayodi ya 1N4007, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, nimeiweka sambamba na koili, ikielekea kinyume.

Kijana ninayemfundisha aliuliza dayodi hiyo ni ya nini. Nilimwambia afikirie baiskeli iliyopakia magunia mawili ya machungwa ikishuka mteremko: hata ukitaka vipi haisimami papo hapo, na ukiizuia kwa ghafla kitu kitavunjika. Mkondo wa koili ndivyo ulivyo. Ukiukatia njia, koili inapandisha volti, mamia ya volti ikibidi, mpaka mkondo upate pa kupita, na pa karibu kuliko pote ni ndani ya transista. Dayodi inaupa mkondo njia ya kuzunguka ndani ya koili yenyewe mpaka uishe nguvu.

Inawasha, inazima. Mosfeti ni ya baridi.

Januari 16

Mezani ilikubali, Pongwe imekataa. Klachi inachelewa kuachia. Ili iachie, mkondo lazima ushuke hadi kama ampea 0.2, na kwa dayodi peke yake safari hiyo inachukua milisekunde 40 hivi. Hesabu inasema hivyo na oskiloskopu inakubali. Shafti inazunguka mara 1,400 kwa dakika, kwa hiyo milisekunde 40 ni karibu duru nzima. Breki inakamata huku klachi bado imeshika. Zinavutana, na baada ya nusu saa karakana nzima ilinuka breki iliyoungua.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi ndipo nilipoelewa kwa nini rilei haikuwa na shida hii. Cheche zilizokuwa zikiruka kwenye ncha zake ndizo zilizokuwa zikila nishati ya koili, haraka kabisa. Klachi iliachia vizuri kwa sababu ncha zilikuwa zinaungua. Nishati ile ipo, iwe ni rilei au transista. Lazima iishie kwenye kitu fulani, na fundi ndiye anayechagua kitu hicho. Asipochagua, koili itamchagulia.

Januari 19

Nimechagua mosfeti. Dayodi ya mgongoni nimeitoa. Badala yake nimeweka zena ya volti 68 (dayodi inayoanza kupitisha mkondo kinyume volti ikifika hapo) kutoka dreni, mguu wa mosfeti unaoshika koili, kwenda geti, na dayodi ndogo ya 1N4148 mbele yake ili volti ya geti isivujie dreni. Koili ikipandisha volti kupita 68, zena inapitisha mkondo kidogo kwenda geti, geti inafika kama volti 4, mosfeti inafunguka nusu na kuushusha mzigo taratibu. Dreni inabanwa kwenye volti 72. Ukitoa 24 za chanzo cha umeme, koili inapata 48 za kuirudisha nyuma.

Matokeo: klachi inaachia kwa milisekunde 7, kutoka 40. Breki na klachi hazivutani tena. Mzee alisimama pale akaangalia kamba kumi zikitoka, akachukua moja, akaipima kwa mkono dhidi ya nyingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nimepiga na hesabu ya joto. Kila kuzima, mosfeti inameza juli 0.44 (zaidi ya ile 0.38, kwa sababu chanzo cha umeme nacho kinaendelea kusukuma wakati wote koili inapojimwaga). Mara moja kila sekunde 4 ni wastani wa wati 0.11. Hiyo haihitaji hata bati la kupozea. Nimeliweka hata hivyo.

Januari 27

Nimepigiwa simu saa nne asubuhi. Klachi haiachii kabisa, mashine inasokota tu.

Siandiki hili kwa haraka. Mosfeti ikiungua, mara nyingi sana haikatiki: dreni na sosi, mguu wa kutokea mkondo, zinashikana na kuwa kama waya. Kwa hiyo transista iliyokufa ni klachi iliyoshika moja kwa moja. Kijana wa mashine alikuwa akinyoosha singa kwa mkono pale mdomoni mwa mashine, kama anavyofanya kila mashine ikisimama, na safari hii haikusimama. Aliutoa mkono. Hana jeraha. Nimekaa naye chini ya mwembe nje ya karakana mpaka nikahakikisha anafunga na kufungua vidole vyote.

Kabla ya kugusa kitu kingine chochote nimefunga swichi nyekundu ya dharura, ya kupiga kwa kiganja, inayokata volti 24 zenyewe bila kupitia transista.

Niliigusa mosfeti iliyokufa na bati lake. Uvuguvugu tu. Hili linanisumbua kuliko yote.

Januari 29

Mambo niliyoyaondoa kwenye orodha ya washukiwa. Volti ya dreni haikuwahi kupita 73, nimeitazama mipigo mingi. Geti haikupata zaidi ya 12. Kuhusu bidhaa bandia: mosfeti feki mara nyingi ina chipu ndogo ndani, na chipu ndogo ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ndogo ya geti, kwa hiyo nimepima geti za zile sita zilizobaki na za nyingine mbili nilizozitoa kwenye vifaa vya zamani. Zinakaribiana. Sina sababu ya kumlaumu aliyeniuzia.

Joto je? Mwanzoni mwa kila mpigo ni volti 72 mara ampea 1.6, wati 115. Upinzani wa joto kutoka chipu hadi mgongo wa IRF540N ni nyuzi 1.15 kwa kila wati. Hata kama wati 115 zingedumu, na hazidumu, chipu ingepanda nyuzi 132 juu ya bati. Bati lina 40. Jumla 172, na kikomo ni 175. Mpigo wenyewe unaisha ndani ya milisekunde 8 huku ukipungua, kwa hiyo chipu haikaribii huko hata kidogo. Kwa hesabu hii haikupaswa kufa.

Februari 2

Nimeweka mosfeti mbili sambamba. Kila fundi ameshaambiwa kwamba mosfeti zinagawana mzigo zenyewe: inayopata joto upinzani wake unaongezeka, mkondo unahamia kwa mwenzake. Nami nimeirudia kauli hiyo kwa wanafunzi wangu miaka yote.

Februari 6

Moja imekufa. Mwenzake hana hata dalili ya uchovu.

Februari 7

Nimejaribu mosfeti ya kizazi kipya zaidi, ya volti 100 vilevile, yenye upinzani mdogo mara kadhaa kuliko IRF540N na inayobeba ampea nyingi zaidi. Imedumu chini ya siku moja. Swichi ya dharura imefanya kazi yake.

Nimerudisha rilei kwa muda. Mzee hakulalamika, akasema tu, "Taratibu, fundi. Mashine ipo."

Februari 9

Nimekwenda kumwona mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa anakaa nyumbani kwake Makorora na bado ana redio tatu zilizofunguliwa juu ya meza. Kaskazi imezidi, tumekaa barazani. Nilimweleza yote, hadi lile la mosfeti ya uvuguvugu.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Inapokufa, mwanangu, inakuwa imewaka, imezimwa, au iko katikati?"

Nikamwambia iko katikati. Inabana volti.

Akaniambia habari za transista za jemaniamu, zile za redio za zamani. Ukiiacha redio juani, mkondo unaovuja ndani ya transista unaongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi au karibu na hapo. Mkondo ukiongezeka, joto linaongezeka, mkondo unaongezeka tena. "Joto linaleta mkondo, mkondo unaleta joto. Kama moto wa nyikani na upepo wake." Dawa yao ilikuwa rezista ndogo kwenye emita, mguu wa transista hizo ulio kama sosi ya mosfeti: mkondo ukizidi, volti ya rezista inapanda na kuivuta transista irudi nyuma.

"Lakini hizo ni jemaniamu," nikasema. "Mosfeti haina tabia hiyo."

"Umeipima, au umeambiwa?"

Februari 10

Nimepima.

Nimechukua ile mosfeti iliyosalimika kati ya mbili, nikaifunga kwenye bati kubwa, nikaipa volti 10 dreni na geti ya kutosha kupitisha ampea 0.3 tu, nikaacha geti hapohapo bila kuigusa. Mkondo ukaanza kupanda wenyewe. 0.3, 0.35, 0.4. Nilipoipulizia hewa ya moto ulikwenda mbio, nikazima.

Maelezo yako kwenye karatasi ya data ambayo nimekuwa nayo miaka yote, kwenye mchoro wa mkondo dhidi ya volti ya geti. Kuna mistari miwili, mmoja wa nyuzi 25 na mwingine wa nyuzi 175, na inakatana. Juu ya makutano, chipu ya moto inapitisha mkondo mdogo kuliko ya baridi, na hapo ndipo ile kauli ya kugawana mzigo ni kweli. Chini ya makutano ni kinyume. Joto linashusha volti ambayo geti inaanza kufungulia, milivolti kadhaa kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo palipo moto panafunguka zaidi. Ampea yangu 1.6 iko chini sana ya makutano hayo.

Mosfeti moja ya nguvu ni maelfu ya seli ndogo zilizowekwa pamoja, zikinywa kutoka geti moja. Ikiwa imewaka kabisa, seli hizo zinaishi kwa amani. Ikiwa katikati, na volti 72 juu yake, seli iliyo moto kidogo kuliko jirani zake inachukua mkondo wa jirani, inazidi kupata moto, inachukua zaidi. Koili haijali ni nani anayeubeba mkondo wake, inasukuma ampea 1.6 zile zile. Jumla haibadiliki, kwa hiyo oskiloskopu haioni kitu. Ndani, mkondo wote umejikusanya kwenye kijisehemu kama ncha ya sindano, na kijisehemu hicho kinayeyuka huku chipu nyingine ikiwa baridi. Wati zangu 115 nilizigawa kwa chipu nzima. Hazikuwa kwenye chipu nzima.

Ndiyo maana kidole hakikuona kitu. Kidole kinapima wastani wa bati baada ya dakika kadhaa. Kifo kinatokea ndani ya milisekunde chache, mahali ambapo kidole hakifiki.

Tabia hii imepewa jina la mtafiti wa Italia, Paolo Spirito: athari ya Spirito. Na mosfeti za kisasa, ambazo seli zake zimebanwa zaidi ili upinzani uwe mdogo, zinaumia zaidi. Ile mpya iliyokufa siku moja sasa naielewa.

Zile mbili sambamba nazo nimezijua. Nimepima volti ya kufungulia ya mosfeti mbili kutoka boksi lile lile: moja 3.1, nyingine 3.4. Kwenye kubana volti, ile ya 3.1 inafunguka kwanza na kubeba karibu kila kitu. Ningeweza kuweka rezista kwenye sosi za zote mbili, kama rezista za emita za mzee wangu, na zingegawana. Lakini ndani ya chipu moja seli ni maelfu na hakuna pa kuwekea rezista.

Februari 13

Uamuzi: mosfeti isikae katikati. Iwe imewaka kabisa au imezimwa kabisa, na kuvuka kutoka huku kwenda kule iwe ni kufumba na kufumbua. Nishati ya koili ikaishie kwenye kitu ambacho joto halikipotoshi.

Kitu cha namna hiyo cha kwanza kipo kwenye kila duka la vipuri hapa mjini: rezista ya kauri ya wati 5. Nimechukua ya omu 33, nikaiunga mfululizo na dayodi, na vyote viwili sambamba na koili. Mosfeti ikizima, ampea 1.6 zinapita kwenye omu 33 na kutoa volti 53. Ongeza 24, dreni inaona 77, na kikomo ni 100. Klachi inaachia kwa milisekunde 13. Si 7, lakini si 40. Waya uliozungushwa ndani ya kauri ukipata moto hauna namna ya kuvutia mkondo zaidi.

Februari 15

Geti. Rezista ya kilo-omu 1 niliyokuwa nayo, iliyohitajika kwa ajili ya zena, ilikuwa inaichelewesha mosfeti njiani. Nimeitoa, nimeweka transista mbili za kusukuma na kuvuta, BC337 na BC327. Sasa inazima chini ya mikrosekunde moja.

Februari 20

Dayodi za TVS zimefika kwa basi kutoka Dar es Salaam, zile zilizotengenezwa maalumu kumeza mshtuko wa volti. 1.5KE51A, ya volti 51. Mfululizo na dayodi, mahali pa rezista. Tofauti na rezista, volti yake haipungui mkondo unavyopungua, kwa hiyo inaendelea kuukaba mkondo hadi mwisho: milisekunde 6 na nusu. Inameza juli 0.3 kila mara, kazi nyepesi kwa dayodi yenye ukubwa ule, na dreni inasimama kwenye volti 76.

Nimeziweka kwenye klachi. Kwenye breki nimeacha rezista. Breki kuchelewa kuachia milisekunde 13 hakumdhuru mtu, na rezista ikiharibika kijana wa pale anaweza kununua nyingine Tanga mjini siku hiyo hiyo.

Kuna faida ambayo sikuifikiria mwanzoni. Kinga hii iko mgongoni mwa koili, haiko kwenye mosfeti. Mtu akipiga swichi ya dharura, mkondo wa koili bado una njia yake. Kwa ile zena ya dreni, swichi ingekata njia yote na cheche zingeruka kwenye swichi yenyewe, ile ninayoitegemea kwa mkono wa mtu.

Februari 24

Umeme ulikatika nikiwa pale pale Pongwe na oskiloskopu imeunganishwa, nikaona jambo. Volti 12 za geti zinatoka kwenye adapta yake ndogo, na zilishuka polepole, karibu sekunde nzima, huku zile 24 bado zimesimama kwa sababu kapasita zake ni kubwa. Kwa muda huo geti ilipita kwenye volti 4, na mosfeti ikakaa katikati.

Nimemchorea kijana wangu. Mosfeti inapochukua nusu ya volti, 12 kati ya 24, ndipo inapomeza wati nyingi kuliko pote: 12 mara 0.8, yaani 9.6. Ikiwa imechukua chini ya nusu na mkondo ukapanda kwa joto, wati zinapungua, inatulia. Ikiwa imechukua zaidi ya nusu, mkondo ukipanda wati zinapanda nao. Kwenye mteremko ule wa geti inapita sehemu zote mbili.

Adapta nimeiondoa, volti 12 sasa zinatokana na 24. Na TL431, chipu ndogo ya kuchunga volti, inazilinda: zikishuka chini ya 9, geti inavutwa chini papo hapo. Rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti na sosi nimeiongeza pia, geti isiachwe ikielea.

Machi 12

Siku 12 za kazi, saa 8 kwa siku. Zaidi ya mara 80,000 klachi imewaka na kuzimwa. Hakuna mosfeti iliyokufa. Nimezitoa zote mbili na kupima tena volti ya kufungulia, hazijasogea.

Kijana wa mashine bado anachungulia taa ya klachi kabla ya kupeleka mkono. Nimemwambia asiiache tabia hiyo.

Kilichobaki ni vumbi. Singa zinatoa unga mwepesi unaonata kila mahali kwa unyevu huu, na kwenye rezista ya breki umeshatanda kama sufu. Jumanne nakwenda kuweka boksi la bati lenye mfuniko na kuihamishia rezista nje yake. Bodi ya akiba iko kwenye kabati la mzee wa karakana, ndani ya kopo, pamoja na rezista tatu za omu 33.